Niiachie, au Nikurudishie?

Rehema na Makena, siku mlipokuja kuchukua neno la siri la kundi ili mnipokee usimamizi, mliniuliza kama kuna kanuni zilizoandikwa. Nikawaambia zipo, kwa mazoea nikawapa ile aya yangu ya kukumbushia lugha ya staha. Jambo hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Ile aya si kanuni, na ninawaomba muifute. Sababu nitaifikia. Hapa nawaandikia kazi ilivyokuwa tangu siku ya kwanza, ili msirudie makosa yangu, au myarudie mkiwa mnayajua.

Wastaafu wengi wakiandika habari za kazini huanza na vyeo na mishahara. Hapo mimi nimeokoa karatasi nyingi. Kusimamia kundi la barua pepe la watu wa Washington na vitongoji vyake wanaosema Kiswahili hakukuwa na mshahara, na cheo changu siku ya mwisho kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza, maana juu yake hapakuwa na kitu. Iliyonilisha ilikuwa kazi ya kutunza jengo la ghorofa sita kule Columbia Heights: taa za ngazi, mabomba, theluji mlangoni, na takataka za wapangaji ambao hawajaamini hadi leo kwamba chupa huwekwa pipa lake. Nayo nimestaafu mwaka huuhuu. Lakini iliyonifundisha watu ni hii ya kundi.

Aliyelianzisha ni mke wangu, Tausi. Nyumbani alikuwa mwalimu, huku akawa analea watoto wadogo wa watu wanaokwenda kazini. Alichoka kusikia habari za msiba baada ya mazishi. Akaenda maktaba, akakaa mbele ya kompyuta Jumamosi nzima, akarudi na kundi. Mwanzoni lilikuwa la misiba, vyumba vya kupanga na mtu anayetafuta lifti ya kwenda uwanja wa ndege. Mwezi wa pili watu wakaanza kubishana. Tausi akaliweka kundi kwa namna ambayo kila barua inasubiri kwanza mpaka msimamizi aiachie ndipo iwafikie watu. Alisema nyumba yenye wageni wengi inahitaji mtu wa kukaa mlangoni.

Alipoanza kuugua, dawa zilimchosha macho. Barua zikawa zinarundikana. Ndipo nikaingizwa kazini, bila maombi wala usaili. Mimi nimeishia darasa la saba. Kusoma najua, ila nasoma kama ninavyopanda ngazi sasa: hatua moja, nasimama, hatua nyingine. Tena siwezi kusoma kimya. Midomo yangu inataka kuwemo. Basi kila alasiri nikitoka kazini nilikaa pembeni mwa kitanda na kompyuta niliyoirithi kwa mpangaji aliyehama, nikamsomea barua za watu kwa sauti.

Hiyo kompyuta ilikuwa na ugonjwa wake. Kitufe cha W kilitaka kupigwa mara mbili, na Kiswahili bila W hakiendi mbali.

Mtu ameandika kwa hasira, ametia alama za mshangao tano, amemwita mwenzake mnafiki na kibaraka, mimi nasoma kwa sauti ileile ninayosomea maelekezo ya dawa ya panya. Tausi alicheka mpaka akakohoa. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: iachie, au rudisha. Nilimuuliza siku moja anajuaje. Akaniambia, "Ukiisoma wewe na bado inauma, basi ina jambo, iachie. Ukiisoma ikachekesha, ni hasira tu. Mrudishie mwenyewe aisikie."

Na kweli alimpigia simu mwandishi, akamsalimia na kumuulizia wa nyumbani kwake wote, kisha akanipa mimi simu niisome barua tangu salamu mpaka jina. Nikimaliza, yeye aliuliza kwa upole: "Haya ndugu yangu, niiachie, au nikurudishie?" Katika mia, labda watatu walisema iachie.

Tausi alifariki mwishoni mwa majira ya baridi. Hayo sitayaandika hapa.

Nitaandika kilichofuata, kwa sababu ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi. Tulipomaliza kuzika, simu zikaanza. Watu walikuwa wanalalamika kwa sauti za chini kwamba kundi limekosa utu. Mama wa watu amelianzisha kwa mikono yake, amefariki, na hakuna hata mtu mmoja aliyeandika pole. Kila aliyenipigia alisema yeye ameandika, ila wengine ndio wamenyamaza. Siku ya tatu nikafungua kompyuta. Zilikuwepo pole sitini na kitu, zote zimepanga foleni mlangoni, zinamsubiri msimamizi aziachie. Msimamizi ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kuidhinisha pole zangu mwenyewe. Nilizisoma zote kwa sauti, moja moja, kama tulivyozoea, na kila nikimaliza moja nilisema "iachie" kisha nikabonyeza. Ilinichukua siku mbili. Moja nilitaka kuirudisha, kwa kuwa mwandishi baada ya pole ya mistari miwili alitangaza gari linalouzwa. Nikaiachia. Gari lilikuwa zuri.

Hakuna aliyeniteua. Niliendelea tu, na watu wakaona aibu kuniondoa. Kwangu mimi kundi lilikuwa ndicho kitu cha Tausi kilichobaki ambacho bado kilikuwa kinapumua, na nilijiwekea kwamba halitavunjika mkononi mwangu. Hilo sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema hayo, na baada ya mwaka wa kwanza watu waliacha kumtaja Tausi mbele yangu, nami nikaacha kumtaja.

Kuhusu namna ya kufanya kazi: simu za mkononi wakati ule zilikuwa na dakika za kupimwa siku za kazi, na za bure Jumamosi na Jumapili; mkataba wangu wa simu sijaubadili hadi leo. Kwa hiyo barua yenye moto ikiingia Jumanne, niliishikilia mpaka Jumamosi. Nilidhani naokoa dakika. Baadaye nikaona ugomvi mwingi unakufa Alhamisi. Nilipopiga simu Jumamosi na kuanza kusoma, mwenyewe alikuwa amekwishasahau alimkasirikia nani. Mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa hasira ya kweli ni mshenzi gani aliyeandika hayo.

Papa Dieudonné mnamjua, Mkongomani wa sauti ya chini, fundi wa viatu. Miezi mingi watu waliniandikia nimfukuze kwa sababu anawapigia kelele: barua zake zote zilikuwa za herufi kubwa tangu mwanzo mpaka mwisho, hata akitangaza ubatizo. Nilimpigia. Nikamsomea, lakini herufi kubwa hazisomeki kwa sauti, kwa hiyo nikaona barua haina ubaya wowote. Nikamuuliza kwa nini anafoka. Akashangaa, akaniita ndugu yake kwa Kifaransa.

"Mimi sifoke, mon frère. Ni macho haione muzuri. Ile ya kidogo inakimbia-kimbia."

Nikawatangazia wanakundi kwamba Papa Dieudonné hafoki, anatafuta tu herufi zake. Wengine walimwomba radhi. Mmoja alimwomba radhi kwa herufi kubwa, ili aweze kuisoma.

Na wewe, Makena, huwezi kujifanya umesahau. Ulikuwa mwanafunzi kule Shaw, una wiki mbili kwenye kundi, ukaandika kwamba wazee wa hii group wako na ujuaji mob na hawana point. Jumamosi nikakupigia, nikakuulizia masomo, nikakuulizia mama yako Nyeri, kisha nikakusomea. Neno "mob" nililirudia mara mbili kwa kuwa sikuwa na hakika nalo; baadaye ndipo nilijua kwa lugha yenu ya vijana ni "nyingi". Ukasema, "Aki mzee, ukiisoma hivyo inakaa vibaya." Nikakujibu imekaa hivyohivyo ulivyoiweka, mwanangu. Uliniomba nikurudishie, na Jumatatu yake ukaleta nyingine yenye hoja zilezile na salamu mbele, na wale wazee wakakubali nusu ya ulichosema. Hoja zako zilikuwa za kweli tangu mwanzo. Ndiyo maana nilipotafuta wa kunipokea kazi nilikutafuta wewe.

Alama nyingine mtazijua wenyewe kwa kuzoea. Barua inayoanza na "kwa heshima na taadhima" isomeni mara mbili. Neno "ndugu" likitokea mara tatu katika aya moja, kuna mtu anakaribia kupigwa. Anayeandika "mimi sina tatizo na mtu" anaye, na jina lake liko mstari unaofuata. Watanzania wenzangu wana matusi yaliyovaa suti, na Wakenya huja na fulana tu. Msidhani suti ndiyo isiyo na kisu.

Sasa aya. Mwaka wangu wa pili nilianza kuweka juu ya kila tangazo langu ukumbusho: "Ndugu wanakundi, mnakumbushwa kutumia lugha ya staha, kuheshimiana kwa rika na jinsia, kujibu hoja badala ya mtu, kutoandika kwa herufi kubwa (isipokuwa Papa Dieudonné)" na kadhalika. Kila ugomvi uliniongezea kipengele. Mwaka wa tano ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Niliipenda sana. Niliitunga kwa kamusi, na kwa mtu wa darasa la saba nilijiona nimefika. Nilikuwa naibandika hata juu ya tangazo la mtu aliyepotewa na paka.

Mwaka huu ikaja kesi ya sufuria, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Jumuiya ina sufuria moja kubwa, ile ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuogea. Hutumika misibani, harusini na kwenye mapishi ya kila kiangazi pale bustanini. Huwekwa kwa Mama Wambui, ambaye mnamjua kwa kucheka kwake. Mkenya, anahudumia wazee majumbani, na alikuwa akimwita Tausi dada, kwa hiyo mimi ni shemeji yake. Anayetaka sufuria huenda kuichukua kwake, akimaliza anairudisha. Na mnajua ilivyo kwetu sote, uwe wa Mombasa, wa Moshi au wa Bukavu: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiazima bakuli unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Kulirudisha tupu ni kumwambia mwenyewe kwamba humjui.

Kila mwaka nilimfanyia Tausi hitma, na kila mwaka kina mama walipika, mimi nikaambiwa nikae na wageni. Mwaka huu, mwezi wa Machi, nikasema nitapika mwenyewe. Nilipika wali wa nazi kwenye ile sufuria. Chini ukaungua. Si kuungua kwa kawaida. Ulikuwa mweusi kama lami, umeshika. Wageni walikula wa juu, wakasifu. Hakuna aliyetaja moshi. Baadaye nilisugua kwa mchanga, kwa waya, kwa dawa tunayosafishia oveni za wapangaji, weusi haukutoka. Nikaamua nirudishe nikamwambie Mama Wambui ukweli. Nilitia ndani mfuko wa unga na wa sukari, na ili mifuko isichafuke nikakata karatasi ya kaki, duara, nikaitandika chini.

Alipofungua mlango na kuniona na sufuria, alisema, "Shemeji, umempikia mwenyewe," akaanza kulia. Nikabaki nimesimama pale na sufuria mkononi. Mtu analia kwa ajili ya mke wako, huwezi kumwambia habari za masizi. Niliweka sufuria chini, nikaondoka. Nikajiambia nitamwambia wiki ijayo. Nikasahau. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliandika kama lilivyo.

Mei, Bwana Mshana wa Upper Marlboro aliiazima kwa sherehe ya binti yake kumaliza chuo. Bwana Mshana ni Mtanzania, anafanya kazi ya mafaili mahakamani kule, na amefanya kwa muda mrefu mpaka hata kadi ya Krismasi anaiandika kwa vipengele. Mama Wambui alitoa unga na sukari, karatasi akaiacha, akampa sufuria na mfuniko wake. Bwana Mshana alifika nyumbani, akainua karatasi, akaona. Akawaza: mwenye sufuria mwenyewe ameficha kwa karatasi, nikimwambia nitamwaibisha. Akapika hivyohivyo kwa uangalifu, akaosha, akairudisha karatasi mahali pake, akatia nanasi na maembe matatu juu, akapeleka.

Juni, Mama Wambui akaitoa sufuria aioshe kwa ajili ya mapishi ya kiangazi. Akainua karatasi.

Mnaona jinsi kila mtu alivyofanya adabu kwa kiwango cha juu. Kama mmoja wetu angekuwa mkorofi kidogo, kesi isingekuwepo.

Barua ya Mama Wambui iliingia Jumatatu asubuhi. Ilikuwa ya utulivu. Alisema sufuria ya watu imerudi imeungua chini, na juu yake imewekwa karatasi iliyokatwa vizuri kwa mkasi, kazi ya mtu anayejua anachoficha, na huyo mtu ajitokeze tu tumalize. Niliisoma, nikaiachia, nikaenda kufagia ngazi. Nilipofika ghorofa ya tatu nikakumbuka. Nilikaa chini palepale na ufagio.

Mchana nilirudi nikaandika. Niliandika kwamba sufuria niliiunguza mimi kwenye hitma, karatasi niliikata mimi, Bwana Mshana hana kosa, Mama Wambui hana kosa, nisameheni. Mistari mitatu. Nikaituma. Na juu yake, kama kawaida, ile aya.

Bwana Mshana naye alikuwa amekwishajibu. Alianza kwa heshima na taadhima. Kwanza, alikiri kuazima sufuria. Pili, aliipokea ikiwa imeungua. Tatu, karatasi aliikuta. Nne, aliirudisha ilipokuwa kwa kumheshimu mwenye nyumba. Tano, heshima si kosa. Viliendelea mpaka kumi na moja.

Mama Wambui akajibu kwamba hajawahi kuona heshima inayofunikwa na nanasi, na kama mtu ameipata imeungua si angesema tu. Mtanzania mmoja akauliza kama huko Kenya bara nazi inajulikana kwamba ni tunda. Mkenya akamjibu kwamba Mtanzania nyumba yake ikishika moto huusalimia moto kwanza ndipo aite zimamoto. Zilikuja nyingine nyingi, na mimi zote niliziachia.

Mtaniuliza kwa nini. Niliziachia kwa sababu nilidhani wanataniana. Nilikuwa nimekiri Jumatatu, ikaja Jumanne, ikaja Jumatano, hakuna aliyenijibu neno. Nikajua wamenihurumia. Nilisema moyoni, angalia watu hawa walivyo na utu: wamejua ni mimi, wamejua ilikuwa siku ya Tausi, wakaamua kunipitia kimya, na sasa wanafanya utani wa Kenya na Tanzania ili mambo yachangamke. Ile ya kuusalimia moto nilicheka mpaka mpangaji akafungua mlango kuona kuna nini.

Ijumaa ikaingia barua ya Bwana Mshana yenye kipengele kimoja tu. Alipendekeza Watanzania wajitoe, waanzishe kundi lao, na mapishi ya kiangazi wafanye yao, siku ileile, bustani ileile, upande wa pili wa maegesho, na sufuria yao. Chini alikuwa ameorodhesha waliokubali. Nikahesabu majina mpaka nikaacha. Nilijua huo haukuwa utani. Kundi la Tausi lilikuwa linagawanywa kama nyumba ya walioachana, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikiwashikia mlango.

Jumamosi asubuhi nikampigia. Nikamsalimia, nikamuulizia binti. Nikamsomea barua yake tangu mwanzo, na majina yote. Alisikiliza. Nikamuuliza niiachie, au nimrudishie.

"Iachie, Mzee Shomari. Nimechoka kuitwa mwongo mbele ya watu."

"Nani amekuita mwongo, na mimi nimekwishasema niliunguza mimi?"

Nikamsikia akivuta kiti.

"Ulisema wapi?"

"Kwenye kundi. Jumatatu."

Nilimsikia akibonyeza kompyuta, akitafuta. Kisha akakohoa, kama afanyavyo mtu wa mahakamani kabla ya kusema jambo lisilopendeza.

"Mzee wangu, nisamehe sana. Yale matangazo yako, yale yanayoanza na mnakumbushwa. Kuna mtu anayasoma?"

Hapo ndipo nilipojifunza kazi, baada ya kuifanya miaka yote hiyo. Nilikuwa nimewakumbusha watu adabu mpaka wakajifunza kuniruka. Mtu akiona mstari wa kwanza anajua ni mimi, anajua nitasema nini, anafuta. Ningeweza kutangaza kwamba jengo linaungua. Ifuteni ile aya. Mtu akikosea, mpigieni yeye. Wasiokosea waacheni wapumzike.

Nilimwambia Bwana Mshana nitaandika tena, bila aya. Akasema haitatosha.

"Watasema Mtanzania anamfunika Mtanzania mwenzake. Wewe hujawahi kuunguza hata chai, kila mtu anajua. Sema iliunguaje. Weka sababu."

Nikamwambia sababu ipo ila haiandikiki. Akaniambia bila hiyo, yeye Jumatatu anaondoka na majina yake. Alisema kwa upole, na alimaanisha.

Niliandika Jumamosi ile yote. Kitufe cha W kilinigomea mara kadhaa. Nilipomaliza nikataka kuisoma kwa sauti, kama ninavyofanya kwa barua zote, midomo ikakataa. Nikaona basi, hii ndiyo barua yenye moto kuliko zote nilizowahi kupokea, na kanuni ni kanuni: mwandishi hajisomei. Nikamtumia Mama Wambui peke yake. Nikamwomba radhi ya sufuria, nikamwomba afanye kama Tausi alivyokuwa akifanya.

Alipiga Jumapili mchana, ametoka kanisani. Hakuniuliza kitu. Alinisalimia kwa utaratibu wote, jengo linaendeleaje, goti linaendeleaje, kisha akasema, "Shemeji, nakusomea." Alijitahidi kusoma kama mimi, polepole, bila kupandisha sauti.

"Sufuria niliiunguza mimi. Tausi alikuwa akipenda ukoko. Nikipika wali alikuwa hagusi wa juu mpaka nimkwangulie wa chini. Kina mama, kila hitma mmepika wali mzuri usio na ukoko, nami nimeshukuru. Mwaka huu nilitaka ukoko wake uwepo. Nikauacha wali motoni kidogo, ukoko ukawa tayari, harufu yake naijua. Nikauacha kidogo tena. Nilijua nikizima itabidi niukwangue, na hakuna wa kumpa. Ndiyo sababu sufuria ya watu imeungua. Karatasi niliikata mimi, kwa mkasi wake."

Hapo kwenye mkasi alisimama. Nikamsikia akiweka simu mkono mwingine. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini hakuruka hatua.

"Haya, shemeji. Niiachie, ama nikurudishie?"

Niliwauliza watu swali hilo miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba linaweza kumchukua mtu muda mrefu vile. Mama Wambui hakuniharakisha. Ilikuwa Jumapili, dakika ni za bure.

Nikamwambia aiachie.